Kila Tundu na Mwenyewe

Mwenzangu mwenye boti ndogo na ukoo mkubwa, nakupa pole kabla hatujaanza mazungumzo. Watu wasiokaa na boti hudhani chombo kinazama kwa dhoruba tu: kusi limevuma, mawimbi yamesimama, nahodha anapiga shahada. Sisi tunajua mambo yalivyo. Boti ndogo za mashine, nyingi mno, huzama zikiwa zimefungwa zimetulia, bahari shwari, wenyewe wako nyumbani wanakunywa chai na vitumbua. Ukiwa safarini utaona maji yanaingia, utayafua, utageuza urudi. Kwenye boya hakuna wa kuona. Tone lina usiku kucha wa kufanya kazi, na halichoki.

Yetu ni faiba ya futi 18 yenye mashine ya hospawa 15, tunailaza Sahare, hapa Tanga. Nikisema yetu nina maana hii: boti kanunua mke wangu, mashine kaitoa baba mkwe kwenye kiinua mgongo chake, betri ni ya shemeji, na petroli ni juu yangu. Methali ya manahodha wengi unaijua, sina haja ya kukusomea.

Ngoja nikutajie wenyewe. Baba mkwe anaitwa Mzee Reli. Jina hilo walimpa wajukuu, ambao wana ruhusa ya utani naye. Mimi mkwe namwita Baba na naishia hapo. Alitumikia reli mpaka akastaafu, na kwake chombo chochote kina ratiba: saa mbili ni saa mbili, mwenye kuchelewa abaki stesheni. Mama mkwe ni Bibi Kalafati, mtoto wa fundi wa majahazi wa Pangani. Hawezi kuona ufa akaupita. Dirisha la chumba cha wageni lina pamba, mlango wa jikoni una pamba, na kabati la vyombo alilitia pamba na mafuta mpaka leo halifunguki bila mtu wa pili. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ni Injinia. Hakuusomea uinjinia, ila ana drili. Kijana wangu wa kidato cha nne ni Kesho, maana ndilo jibu lake. Kitinda mimba wetu ni Hakimu, msichana wa miaka saba asiyekubali ugomvi uishe bila kusikiliza pande zote. Na mke wangu ni Mkaguzi. Kazini anakagua hesabu za watu, na akirudi nyumbani kazi haijaisha.

Sasa, boti ya faiba ya aina hii huwa na tundu chini kabisa tezini, la kutolea maji ikiwa nchi kavu. Tundu hilo lina kizibo chake. Kizibo chenyewe kinaenea kiganjani mwa Hakimu, na ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote botini. Sherehe yetu ya Idd pili ilikutana nacho.

Tulikuwa tunakwenda Toten, kile kisiwa kilicho mbele ya mji, chenye magofu ya misikiti na makaburi ya zamani. Watu wote saba, sufuria la pilau, mkeka, birika, na mto wa Bibi wa kuegemea. Kila mmoja kavaa jaketi la kuokolea, kwa sababu Mkaguzi haruhusu mtu kukanyaga botini bila hilo. Mzee Reli kaangalia saa, kapuliza filimbi yake, tukaondoka. Baada ya muda akaanza kunung'unika kwamba leo mashine nzito, tumechelewa, akaongeza mafuta. Boti ikakaa matako chini, omo juu, na kwenda haiendi.

Hapo ndipo penye hatari, mwenzangu. Boti nyingi zina sakafu, na chini ya sakafu kuna ngama. Maji yakiingia hukaa humo, miguu yenu mikavu, mnazungumza habari za pilau. Aliyetambua ni Bibi Kalafati, akiwa ameegemea mto wake macho nusu. Akasema, "Chombo hiki kinalala upande, halafu kinachelewa kurudi." Alikuwa na haki kabisa. Maji yaliyo huru ngamani hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito, kwa hiyo boti inayumba polepole, inasita, ndipo irudi. Ukihisi hivyo, usisubiri kuona maji. Funua sakafu.

Injinia akafunua. Ngama imejaa. Bibi akavua kanga moja, akaifunga fundo, akamkabidhi mjukuu, na Kesho, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akafanya jambo leo: akazamisha mkono mpaka begani akaliziba tundu kwa ndani. Tukafua maji kwa upo, kwa birika, na kwa kifuniko cha sufuria. Tulifika kisiwani salama, na pilau likaliwa.

Hakimu akaweka baraza pale pale ufukweni. Babu, nani anaweka kizibo? Babu alidhani ni Mjomba. Mjomba alidhani ni Kesho. Kesho alidhani ni Baba, na mimi kazi yangu inajulikana kuwa ni petroli. Mkaguzi alidhani ni baba yake, kwa kuwa ndiye mwenye filimbi. Hakimu akaandika mchangani "wote walidhani" na kesi ikaishia hapo.

Jioni Kesho akapiga hesabu kwenye daftari la fizikia, na nakuletea kwa sababu imenisaidia kulala na imenikosesha usingizi pia. Tundu la milimita 25, lililo sentimita 30 chini ya uso wa bahari, huingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Hizo ni ndoo mbili kubwa kila dakika moja. Kwa dakika kumi umepakia zaidi ya kilo 400, yaani watu wazima sita ambao hukuwaalika. Na tundu likiwa na upana maradufu, maji huingia mara nne.

Ungetegemea familia baada ya hapo igawane kazi ya kizibo. Haikugawana. Injinia alisema dawa ni pampu, na neno pampu liliwafurahisha wote. Alinunua ya umeme, ya kukaa ngamani, imeandikwa galoni 500 kwa saa. Kesho akabadilisha: ni kama lita 1,900 kwa saa, au lita 31 kwa dakika, na hizo ni za kiwandani, pampu haipandishi maji popote na betri imejaa. Ukiweka mpira wa kupandisha maji mpaka ukingoni, na betri imechoka kidogo, hupati hata hizo. Kwa maneno mengine, pampu mpya isingeliweza tundu la Idd. Injinia alimsikiliza mpwawe kwa heshima, kisha akaendelea kutoboa pa kupitishia mpira.

Na kutoboa ndiko ninakotaka tukae kidogo. Shemeji yangu ana moyo mwema, na kila tundu alilolitoboa katika boti ile alilitoboa kwa mapenzi. Ngazi ya tezini ni kwa ajili ya magoti ya mama yake. Ndoano mbili ni za mwavuli wa dada yake. Spika ni ya baba yake, asikilize taarifa ya habari baharini. Kibao cha kukatia chambo ni changu, na nilimshukuru. Lakini kila kimoja kimeshikwa na skrubu, na kila skrubu ni tundu lenye chuma ndani yake. Faiba ya ukuta wa nyuma, ule unaobeba mashine, mara nyingi si faiba tupu. Katikati kuna mbao zilizofunikwa. Skrubu ikipita bila gundi ya baharini, maji hufuata njia yake taratibu mpaka kwenye mbao, mbao huoza huku nje kunang'aa, na bolti za mashine huanza kucheza. Bibi Kalafati ana kipimo chake: hugonga kwa mpini wa kisu na kusikiliza. Palipo pazima hujibu kwa sauti kavu. Palipooza husema "pu".

Bibi, hata hivyo, ana jambo moja ambalo hatujapatana naye, na sijui kama tutapatana. Yeye kakulia kwenye mbao. Chombo cha mbao kikikaa juani, mbao hunywea na nafasi kati yake hufunguka. Ukikishusha kitavuja siku ile, kisha mbao hunywa maji, huvimba, na nafasi hujifunga zenyewe. Ndiyo maana wazee hawakuhangaika na chombo kinachovuja siku ya kwanza. Kwa hiyo tulipomwonyesha unyevu kwenye faiba alisema, "Kiacheni kishibe." Mama, faiba haishibi. Ufa wa faiba hauvimbi, hupanuka tu. Nilimweleza kwa adabu zote za mkwe, naye akanisikiliza kwa adabu zote za mama mkwe, kisha kesho yake nikakuta pamba kwenye ufa.

Basi masika yakaingia. Siku hiyo umeme ulikatika mtaani, na jioni kulikuwa na mpira redioni. Mzee Reli, mtu asiyependa kumsumbua mtu, alikwenda Sahare mwenyewe kwa bodaboda, akaichukua betri, akairudisha nyumbani, akafunga redio yake. Tulisikiliza sote. Usiku mvua ikanyesha ya kuvunja mapaa.

Mvua ya milimita 50 juu ya boti yenye uso wa mita za mraba nane ni lita 400. Matundu ya pembeni ya kutolea maji ya mvua yalikuwa yamezibwa na maganda ya machungwa ya Idd. Maji yakakimbilia nyuma, ambako tayari kuna mashine, dumu la petroli na ngazi. Tezi likashuka. Injinia alikuwa ameweka mdomo wa mpira wa pampu chini karibu na maji ili usionekane, aliona unaharibu sura ya boti. Tezi liliposhuka, mdomo ule ukazama, na kwa kuwa mpira ulikuwa umelala bila kupanda popote, bahari ikaingia kwa njia ile ile ya kutokea, kama dereva anavyonyonya petroli kwenye tangi kwa mpira. Hata betri ingekuwepo, mdomo ule ulikuwa vibaya. Tezi likashuka zaidi. Sasa skrubu za ngazi zikawa chini ya maji. Kisha za spika. Kisha ukingo wa nyuma wenyewe, pale ulipokatwa kwa ajili ya mashine, na hapo ndipo bahari haihitaji tundu tena.

Hili ndilo nililojifunza, na ningependa kila mwenye boti alijue: mara chache boti huzamishwa na tundu moja. Tundu la juu huwa halina madhara yoyote mpaka la chini yake limefanya kazi. Yanapokezana. Yule aliyechukua betri, aliyetupa maganda, aliyeficha mpira, aliyetia pamba, kila mmoja peke yake hakuzamisha kitu.

Alfajiri mlinzi akapiga simu. Tukakuta omo limetokeza na kamba ya boya imekaza. Bahati ilikuwa maji bamvua, na hapa kwetu bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo tukangoja kupwa, boti ikakaa juu ya mchanga, tukaanza kufua. Nakuonya na hapo: boti inayokalishwa na kupwa uangalie inapokalia. Jabali dogo, au hata kucha ya nanga yako mwenyewe, hutoboa chini ukiwa huna habari, na bahari ikijaa boti haiinuki.

Mashine iliyozama katika maji ya chumvi huharibika zaidi ikitoka kuliko ikiwa ndani. Ikishapata hewa, kutu huanza mara moja. Dawa ni kuiosha kwa maji baridi, kutoa plagi, kuizungusha polepole kwa mkono maji yatoke silindani, kisha kutia mafuta. Usijaribu kuiwasha kwanza, maana maji hayagandamiziki, na ukilazimisha utapinda fimbo za pistoni. Kama fundi hayupo, ni afadhali uilaze mashine ndani ya maji baridi mpaka apatikane.

Fundi hakuwepo. Maji baridi mengi yaliyokuwa karibu yalikuwa kwenye pipa la Mkaguzi, barazani kwetu, aliloliweka kwa ajili ya wageni. Na wageni, mwenzangu, walikuwa wa posa. Mdogo wa mwisho wa mke wangu alikuwa anachumbiwa siku hiyo, ujumbe unatoka Muheza. Tulipoitumbukiza mashine pipani, kichwa chini na pangaboi juu, Mkaguzi alisimama mlangoni na sinia la sambusa. Hakusema neno. Alimtazama baba yake, akamtazama mdogo wake Injinia, akanitazama mimi, kisha akaenda kuleta kitambaa cha meza, akaifunika.

Ujumbe ukafika, shikamoo marahaba, ukaketi barazani umbali wa hatua mbili kutoka kwenye pangaboi lililovaa kitambaa cha maua. Mzee Reli akaanza habari za ukoo. Lakini mshenga hakuwa anasikiliza. Alikuwa anavuta pua. Akauliza kwa upole, "Samahani Mzee, hiyo si harufu ya petroli?" Kumbe bwana yule ni fundi pikipiki. Dakika chache baadaye kanzu iko msumarini, mikono imekunjwa, plagi zimetolewa, na maji ya Sahare yanaruka mpaka kwenye sambusa. Mahari ilipangwa huku watu wakipokezana kuivuta kamba ya mashine, na sijawahi kuona mazungumzo ya mahari yakienda kwa upole namna ile. Mke wangu alisema mtu anayemtuma mshenga wa hivyo hawezi kuwa mbaya.

Ilibaki boti. Tuliiburuta juu ya magogo, na Injinia akataka kuanza kupaka gundi kila mahali. Mkaguzi akamzuia. Huwezi kulipa deni usilolijua, alisema. Akaagiza tundu la tezi lifungwe, nje pakaushwe kwa matambara, kisha maji yamiminwe ndani ya boti, kidogo kidogo, yasizidi kimo cha goti kwa sababu boti iliyo nchi kavu haijatengenezwa kubeba uzito wote ule. Ndani ya maji akatia buluu ya kufulia. Tukakaa chini tukingoja. Maji yanayovuja kutoka nje kwenda ndani hujificha, hutiririka ngamani na kutokea mbali na yalipoingilia. Ya ndani kwenda nje hayana pa kujificha. Hakimu akapewa chaki, na kila lilipotoka tone la buluu akazungushia duara.

Maduara yalikuwa mengi. Skrubu za ngazi, zote. Mguu mmoja wa spika. Bendi ya mpira wa pampu, ambayo ukanda wake ni stenlesi lakini skrubu yake ni chuma cha kawaida kilicholiwa na kutu. Kifundo cha plastiki ukutani, pale mpira wa pampu unapotokea nje, kilichopasuka kwa jua. Raba ya kizibo, imekauka na kukatika. Na ule ufa wa Bibi, ambao pamba yake ilikuwa ya buluu na bado inavuja. Bibi aliitazama muda mrefu akasema faiba haina shukrani. Mzee Reli alirudi nyumbani na kanzu ya madoa ya buluu ambayo hayajatoka.

Tuliyarekebisha kwa mpango. Kila skrubu ilitolewa, tundu likakaushwa, likajazwa gundi ya poliurethani ya baharini, wala si silikoni ya bafuni, ambayo haidumu chini ya maji na ikishapakwa hakuna kingine kinachoshika juu yake. Matundu yasiyo na kazi yakazibwa moja kwa moja. Ufa ukasuguliwa, ukavikwa mati na resini. Kifundo kikawekwa cha shaba. Mpira wa pampu ukapewa bendi mbili, ukapandishwa mpaka chini ya ukingo ukafanya kitanzi, na mdomo wake ukatolewa juu.

Kisha Mkaguzi akafanya jambo ambalo pampu isingelifanya. Aliandika orodha ya matundu yote yaliyobaki, kila moja na jina la mtu mbele yake, akaibandika mlango wa jikoni, juu ya pamba. Matundu ya mvua ni ya Kesho. Bendi na mpira ni vya Injinia. Betri ni ya Mzee Reli, ambaye Mkaguzi alimnunulia betri ya pili kwa ajili ya redio, kwa kuwa baba yake hatageuka na yeye hakutaka ageuke. Kugonga ukuta wa nyuma kila mwezi ni kwa Bibi, na hakuna mwenye sikio la kumzidi. Kifundo cha shaba ni changu. Kizibo ni cha Hakimu. Kimefungwa pamoja na kile kikamba cha usalama ambacho bila hicho mashine haiwaki, na boti ikiwa nchi kavu vyote viwili viko shingoni mwake. Anakichomeka mwenyewe, anapaza sauti "kimeingia!", na Babu hapulizi filimbi mpaka asikie.

Injinia ameomba kibali cha turubai la kivuli, maana bwana harusi na watu wake wataletwa kwa boti. Mkaguzi kamuuliza skrubu ngapi na jina la nani. Wameshinda siku nzima wakibishana, na nadhani turubai litafungwa kwa kamba.

Nawe mwenzangu, masika hayako mbali. Chukua tochi, chaki na daftari, nenda kwenye boti yako leo kabla jua halijatua, uandike kila tundu. Kisha kila moja ulipatie mwenyewe, mtu mmoja mwenye jina, aliye hai na anayekaa karibu. Kama watu wako hawatoshi, niambie. Kwetu wapo wengi, na tangu siku ya posa wameongezeka.